Likizo Uliyoichuma Ni Deni: Usikubali Ifutwe Ukipunguziwa Siku za Kazi

Kijana, kama umeajiriwa, au ndio unatafuta kazi yako ya kwanza, soma hii mpaka mwisho. Ni jambo linaloonekana dogo, lakini linakula pesa za vijana kimya kimya, na wengi hawajui hata kama wameliwa.

Ulikuwa unaingia kazini siku sita kwa wiki. Sasa unaingia siku tatu. Sababu zaweza kuwa nyingi. Hoteli imeingia msimu wa wageni wachache na bosi amepunguza zamu. Au ni wewe mwenyewe uliyeomba, kwa sababu umejiunga na chuo. Au mzazi ni mgonjwa na wewe ndiye wa kumpeleka kliniki. Au dada yetu amerudi kutoka likizo ya uzazi na mtoto bado ni mchanga. Mmekubaliana, mshahara umeshuka kulingana na siku, kila mtu ametosheka.

Halafu miezi minne baadaye unaomba likizo. Unajibiwa: "Wewe si wa kazi ya kudumu tena, huna likizo." Au unaambiwa zako ni siku chache tu, na ukiuliza zile za miezi uliyofanya kazi wiki nzima zimekwenda wapi, unatazamwa kama umeomba zawadi.

Si zawadi. Tulizungumze hili vizuri.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kwa kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Zingatia maneno hayo mawili: siku za kazi. Siku yako ya mapumziko ya kila wiki haihesabiwi ndani ya 21. Sikukuu ya taifa pia haihesabiwi. Ukiwa kwenye likizo na Idd-ul-Fitr ikaangukia katikati, siku hiyo isikatwe kwenye likizo yako.

Kifungu hicho hicho kinasema kwamba ajira ikikoma baada ya miezi miwili au zaidi, mfanyakazi anadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Piga hesabu: 1.75 mara 12 ni 21. Maana yake ni kwamba likizo haidondoki kutoka mbinguni mwezi wa Disemba. Unaichuma mwezi kwa mwezi, kama vile unavyouchuma mshahara. Ukimaliza Januari, umeshaweka kibindoni siku 1.75. Ukimaliza Juni, una 10.5.

Kuna kifungu kingine ambacho kila mfanyakazi angefaa akijue, cha 10. Saa za kazi, mshahara na haki ya likizo ni mambo ambayo yanatakiwa yawe yameandikwa. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na wewe, kuurekebisha mkataba, na kukujulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa hiyo lile tangazo la WhatsApp la saa nne usiku, "kuanzia kesho wote tunaingia siku tatu," si utaratibu. Kushauriana ni kuketi na kuzungumza.

Na juu ya haya yote ipo Katiba ya 2010, Ibara ya 41, inayompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Haikusema "kila mtu anayeingia siku sita."

Pale unapoliwa

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye mtego.

Chukua kijana anayelipwa shilingi 26,000 kwa mwezi kwa siku 26 za kazi. Siku moja ni shilingi 1,000. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni amefanya kazi wiki nzima na hajachukua likizo hata siku moja. Kufikia tarehe 30 Juni amechuma siku 10.5. Tarehe 1 Julai anahamia siku tatu kwa wiki, na mshahara unakuwa 13,000.

Disemba inafika. Ofisi inamwambia: "Wewe ni wa nusu wiki, kwa hiyo likizo yako ni nusu ya 21, yaani 10.5 kwa mwaka mzima."

Umeona walivyofanya? Wamechukua kiwango kipya cha Julai wakakirudisha nyuma mpaka Januari. Miezi sita aliyotoka jasho wiki nzima imehesabiwa kama nusu wiki. Hata tukikubali kwamba kuanzia Julai anachuma nusu, hesabu ilitakiwa iwe 10.5 za miezi sita ya kwanza, jumlisha 5.25 za miezi sita ya pili. Jumla 15.75. Zimeyeyuka siku 5.25, na kwa shilingi 1,000 kwa siku hizo ni shilingi 5,250. Kwa mtu anayepokea 13,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya chumba, au karo ya mdogo wake.

Kuna mlango wa pili wa kuliwa, na huu ni mwembamba zaidi. Chukua yule ambaye hakupunguziwa siku bali saa. Bado anaingia siku sita, ila badala ya saa nane anafanya nne. Kwa siku moja sasa analipwa 500. Hapa idadi ya siku haina ubishi: siku zake za kazi ni zile zile, kwa hiyo likizo yake ni 21 kama zamani. Lakini akichukua zile 10.5 alizochuma kabla ya Julai, ofisi inamlipa kwa kiwango cha 500. Alizichuma kama siku nzima, analipwa kama nusu siku. Badala ya 10,500 anapata 5,250. Pesa ile ile imepotea, ila imetokea mlango wa nyuma.

Bosi atakuwa na jibu, na tulisikilize kwa uadilifu. Atasema: "Huyu anaingia siku tatu tu kwa wiki. Nikimpa siku 10.5 za zamani, atakaa nyumbani wiki tatu na nusu. Nitaendeshaje biashara?"

Jibu ni rahisi. Mwulize: kijana huyu angeacha kazi tarehe 30 Juni, ungemlipa nini? Sheria ingemlazimu amlipe siku 10.5 kwa kiwango cha siku hiyo. Basi haiwezekani aliyeondoka alipwe vyote, na aliyebaki kuisaidia biashara msimu mgumu akatwe nusu. Likizo ile ilikuwa deni tayari kabla ya mkataba kubadilika. Na wahenga walishasema, dawa ya deni ni kulipa.

Wengine walishalifikia swali hili

Swali hili lilifika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kutoka jimbo la Tirol nchini Austria. Sheria ya utumishi ya jimbo lile, iliyowahusu wafanyakazi wa hospitali za umma, ilisema mtu akipunguza saa zake, likizo yake ambayo hajaitumia nayo ipunguzwe kwa kiwango hicho hicho. Mwaka 2010 mahakama ikasema hapana. Likizo ambayo mtu aliichuma akiwa kwenye kazi ya muda wote, na hakupata nafasi ya kuitumia, haiwezi kupunguzwa kwa sababu tu amehamia kazi ya muda mfupi. Kinachokuja mbele kihesabiwe kwa kiwango kipya. Kilichokwisha kuchumwa kibaki kama kilivyo.

Uamuzi ule hauifungi mahakama ya Kenya. Lakini mantiki yake haina uraia. Ni ile ile ambayo mama yako dukani anaielewa: bei ikishuka leo, deni la jana hulipwa kwa bei ya jana.

Shirika la Kazi Duniani nalo lina Mkataba nambari 175 wa mwaka 1994, kuhusu kazi ya muda. Unataka wafanyakazi wa muda wapate masharti yanayolingana na ya wenzao wa muda wote katika likizo ya mwaka na sikukuu zenye malipo. Kenya haijauridhia. Na sheria yetu ya ajira haina hata kifungu kimoja kinachoeleza likizo ya mfanyakazi wa nusu wiki inavyohesabiwa. Kifungu cha 28 kinasema 21, basi.

Pengo hilo linavutwa pande mbili. Mfanyakazi anaweza kusema: sheria imenipa 21, haikusema 21 kwa wa siku sita peke yao. Mwajiri naye husema: siku 21 za mtu wa siku sita ni wiki tatu na nusu za mapumziko, basi wa siku tatu naye apumzike wiki tatu na nusu, yaani siku 10.5. Hoja ya uwiano ina mantiki yake, na waajiri wengi ndiyo wanayoitumia. Msimamo wetu ni huu: uwiano, kama utatumika, uwe wa mbele na uandikwe kwenye mkataba mpya mkiwa mmeketi mkakubaliana. Usirudi nyuma kula kilichokwisha kuchumwa. Na wabunge wetu, ambao kila uchaguzi wanatutafuta vijana, walete marekebisho yatakayoiandika kanuni hii wazi, ili haki ya mtu isitegemee ukarimu wa bosi.

Ujanja wa kuangalia

Wa kwanza ni kukugeuza kibarua. Unaambiwa: "Sasa utakuwa unakuja kama kibarua, ukija unalipwa, usipokuja hulipwi." Kwa sheria yetu, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe unayejulikana kwamba kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi uko pale, na unalipwa mwisho wa mwezi, si kibarua, waite watakavyo. Hata aliyeanza kama kibarua wa kweli, kifungu cha 37 kinamlinda: akifanya kazi mfululizo kwa kipindi kisichopungua mwezi mmoja, ajira yake inageuka, na akifika miezi miwili anastahili masharti kama wengine.

Wa pili ni barua ya kujiuzulu. "Andika umeacha, kesho tunakuajiri upya kwa siku tatu." Ukiandika, miaka yako ya utumishi inaanza upya kutoka sifuri. Kama ni lazima ufanye hivyo, basi likizo yote uliyochuma ilipwe kwanza, kwa kiwango cha zamani. Na usitie sahihi karatasi inayosema "nimelipwa kila kitu, sina dai" kabla hujahesabu. Mahakama ya Rufani ya Kenya imewahi kuzipa nguvu karatasi za namna hiyo pale mtu alipotia sahihi kwa hiari yake. Kalamu ni nyepesi, lakini ukishatia sahihi ni vigumu kurudi nyuma.

Wa tatu ni "usipotumia zinapotea." Si kweli kwamba likizo yote hufa tarehe 31 Disemba. Sheria inataka sehemu moja ya likizo, angalau wiki mbili mfululizo, itolewe ndani ya mwaka husika, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Inayobaki inaweza kuchukuliwa hadi miezi 18 baada ya mwaka huo wa likizo kuisha.

Wa nne unawahusu dada zetu. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye malipo kamili, na sheria inasema wazi kwamba mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alikwenda kujifungua. Ana haki pia ya kurudi kwenye kazi yake, au kazi inayomfaa kwa masharti yasiyo duni. Kwa hiyo kupunguza siku baada ya uzazi kuwe ni ombi lako wewe, si adhabu. Na ukihamia nusu wiki, zile siku za likizo zilizojikusanya ukiwa nyumbani na mtoto zihesabiwe kwa kiwango cha zamani.

Wa tano ni wa Ramadhani. Wengi wetu huomba kuingia mapema na kutoka mapema, au kupunguza zamu mwezi ule. Ni jambo zuri mkielewana. Lakini yaandikwe kwamba ni ya mwezi mmoja, yanaanza lini na yanaisha lini. Usije ukafika Shawwal ukakuta umeshahamishwa kuwa wa nusu siku moja kwa moja, na likizo yako imepunguzwa juu yake.

Haki ina pande mbili

Tusiwe watu wa kudai tu. Kama mwezi wa Machi ulishachukua siku zote 21 kwa mpigo, na Julai ukahamia nusu wiki, ujue ulikula mbele. Kwa hesabu ya uwiano, mwaka mzima ungechuma 15.75, na wewe umetumia 21. Deni hilo ni lako. Mketi, mkubaliane kwa maandishi litalipwaje: pengine kwa likizo ya mwaka ujao. Mwajiri asikate mshahara kienyeji, na wewe usijifanye umesahau.

La kufanya kabla hujatia sahihi

Moja, omba barua ya salio. Sentensi moja inatosha: "Kufikia tarehe fulani, mfanyakazi huyu ana siku kadhaa za likizo alizochuma akiwa wa siku sita kwa wiki." Iwe na tarehe na sahihi.

Mbili, kwenye mkataba mpya iandikwe siku au saa zako za kazi, mshahara wako, unachuma siku ngapi za likizo kwa mwezi, na salio la zamani litalipwa kwa kiwango gani. Mkikubaliana mlipunguze salio hilo kabla ya mabadiliko, bora zaidi: chukua likizo Juni, anza nusu wiki Julai, hakuna atakayebishana na mwenzake.

Tatu, weka daftari lako. Siku ulizoingia, likizo ulizoomba, majibu uliyopewa. Piga picha fomu ya likizo na karatasi ya mshahara, hifadhi meseji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiri analazimika kutunza rekodi za likizo za wafanyakazi wake, na ikifika kesi akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa, si juu yako. Lakini daftari lako litakusaidia hata kabla ya kufika huko.

Nne, mkinyimana, anza na barua ya heshima kwa mwajiri. Ikishindikana, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako. Kama una chama cha wafanyakazi, nenda na mwakilishi wenu. Ikibidi mahakama, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Na kwa wenye mshahara ghafi usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, mahakimu walioteuliwa wanaweza kusikiliza kesi hizi katika mahakama za kawaida, kwa hiyo huna haja ya kusafiri mbali. Ila usilale. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu, na kwa madhara yanayojirudia ni miezi 12 tangu yakome.

Tano, kama bosi anakwambia "kubali siku tatu au uondoke," mjibu kwa utulivu kwamba kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake kwenye kifungu cha 40: ilani ya mwezi mmoja kwa wewe au chama chako na kwa afisa wa leba, malipo ya likizo unayodai, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Wengi wakijua kwamba unajua, mazungumzo hubadilika.

Na kama wewe unayesoma ndiye mwenye duka, karakana au shule ndogo ya binafsi, una vijana wanne watano chini yako, haya yanakuhusu zaidi. Usingoje waje na barua. Fungua daftari, hesabu siku zao, waandikie salio. Itakuchukua nusu saa, na itakuepusha na kesi ya miaka miwili na dhulma ambayo pengine hukuikusudia.

Kuna rafiki yako ambaye kazini kwao wiki hii wametangaziwa kupunguziwa siku. Mtumie hii kabla hajatia sahihi.